Mafaili ya mikopo yana mapengo na Benki Kuu inayataka: je, tuyazibe kabla ya kuyapeleka?

"Shikamoo. Ninasimamia mikopo katika kampuni ndogo hapa Moshi, leseni yetu ni ya daraja la pili, yaani tunakopesha bila kupokea amana. Wateja wetu wengi wanakopa kujenga au kumalizia nyumba, dhamana ni hati ya kiwanja. Mwezi uliopita Benki Kuu walituomba orodha ya mikopo yote, tukawapelekea. Sasa wameleta barua nyingine: wanataka mafaili 40 waliyoyachagua wenyewe pamoja na mihtasari ya kamati ya mikopo ya miaka miwili, ndani ya siku 10 za kazi, kisha watakuja ofisini. Nimeyapitia mafaili hayo. Sita hayana ridhaa ya mke au mume. Matatu yana ripoti za uthamini za zamani. Mawili dhamana ni kihamba, yaani shamba la ukoo, na kilichomo ni barua ya mwenyekiti wa kijiji tu. Kamati nayo haikukaa kwa miezi mitano, mikopo ilipitishwa kwa simu. Mkurugenzi anasema tukutane Jumamosi tuandike mihtasari, na wale wateja sita waitwe wasaini ridhaa kwa tarehe za wakati ule. Kuna mshauri wa Arusha ameahidi 'kuyasafisha' mafaili yote kwa siku tano. Mpwa wangu aliyeko Marekani kanitumia orodha ndefu ya nyaraka za ukaguzi wa wakopeshaji wa nyumba, nusu yake siielewi. Nianzie wapi? Tukipeleka mafaili yalivyo, tutanyang'anywa leseni?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mambo mengi, lakini ninaona swali moja ndilo linalokunyima usingizi: upeleke mafaili na mapengo yake, au uyazibe kwanza ili yaonekane yalikuwa kamili tangu mwanzo? Nakujibu hilo kabla ya yote. Yapeleke na mapengo yake, na uyaseme mwenyewe kabla hujaulizwa. Jumamosi msikutane kuandika mihtasari ya vikao ambavyo havikukaa. Na wale wateja sita wasisaini chochote kwa tarehe iliyopita.

Najua inavyosikika ukiwa umeishika barua ya Benki Kuu mkononi. Kwa hiyo nikueleze mkaguzi anavyofanya kazi, kwa sababu hofu nyingi zinatokana na kudhani kwamba anakuja kuhesabu karatasi zilizopungua.

Mkaguzi hawezi kusoma mikopo yenu yote. Ndiyo maana aliomba orodha kwanza. Kutoka humo amechagua 40: mikubwa kidogo, iliyochelewa kidogo, iliyoongezewa muda, na mingine bila sababu maalumu. Hayo 40 kwake ni dirisha la kuchungulia mengine yote. Akikuta faili halina ridhaa ya mwenza, anajiuliza kama ni karani mmoja alisahau au ni desturi ya ofisi. Akikuta mmeliona wenyewe, mmeandika mmelionaje na mnafanya nini, anaandika kwamba kuna upungufu na menejimenti inaujua. Akikuta karatasi moja tu iliyotengenezwa, mafaili 40 hayamtoshi tena. Hata yale 29 yaliyonyooka anaanza kuyatilia shaka, na atataka kuona yaliyobaki kabatini.

Nililiona hilo kwa macho yangu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa ofisa mdogo kwenye taasisi moja ya fedha hapa Arusha. Mafaili mawili hayakuwa na ridhaa, zikatengenezwa usiku, zikagongwa muhuri wa mtendaji wa kata na kuandikwa tarehe ya miaka miwili nyuma. Mkaguzi alizisoma kimya, akauliza swali moja tu: huyu mtendaji aliyesaini alihamia kata hii lini? Alikuwa amehamia mwaka uliofuata. Hakuna aliyewaza kitu kidogo namna hiyo. Ukaguzi wa wiki moja uligeuka wa miezi, na waliosaini wakahojiwa mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nimeziona zile barua kabla hazijaingia kwenye mafaili, nikanyamaza. Hilo linaniuma mpaka leo, na ndiyo sababu ninakuandikia kwa urefu huu.

Karatasi iliyorudishwa tarehe nyuma hujisema yenyewe kwa njia nyingi. Fomu yenu ya sasa ina namba ya simu ambayo hamkuwa nayo wakati ule. Mjumbe aliyesaini muhtasari siku hiyo alikuwa safarini Dodoma, na vocha yake ya posho ipo kwa mhasibu. Mihtasari ya miezi mitano ina wino mmoja na mwandiko usiochoka. Faili la kompyuta linaonyesha limeumbwa Jumamosi iliyopita. Na juu ya kukamatwa kuna sheria. Kutengeneza waraka wa uongo kwa nia ya kudanganya ni kughushi chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayowapa leseni yenu, haimvumilii anayempa msimamizi taarifa za uongo. Leo mna udhaifu wa kiutendaji. Jumamosi jioni mtakuwa na kosa la jinai, na saini itakuwa yako.

Sasa leseni. Siwezi kukuahidi matokeo, na anayekuahidi usimwamini. Ninachoweza kukuambia ni kwamba Benki Kuu ina ngazi nyingi kabla ya kufuta leseni: kuagiza marekebisho kwa muda maalumu, kutaka taarifa za ziada, kutoza faini. Mapengo ya aina uliyoyataja, yakisemwa wazi, kwa kawaida huishia kwenye maagizo ya kurekebisha. Ninachokiona hapo kuwa kizito zaidi ni kamati kutokukaa kwa miezi mitano, kuliko karatasi iliyokosekana, maana hiyo inagusa namna mnavyoamua nani apewe fedha.

Basi tuanze na hiyo kamati. Kusanya ushahidi wa kilichotokea kweli: jumbe za simu ambazo wajumbe walikubali mkopo, fomu za maombi zenye saini, hati za malipo. Kisha kamati ikae wiki hii, kikao halisi, tarehe ya leo. Ipokee orodha ya mikopo yote iliyopitishwa kwa simu katika ile miezi mitano, iupitie mmoja mmoja, iseme upi inauthibitisha na upi una kasoro, na iandike kwa nini utaratibu ulivunjwa na nini kimewekwa ili usivunjwe tena. Muhtasari huo ni wa kweli kila neno, na unaweza kuuweka mezani bila mkono kutetemeka. Sehemu ya ile miezi mitano weka karatasi moja: "Kamati haikukaa katika kipindi hiki. Tazama muhtasari wa kikao cha tarehe fulani."

Ridhaa za wenza zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu nyuma yake kuna nyumba ya mtu. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kinataka rehani ya nyumba ya ndoa iwe na ridhaa ya mwenza, na kama mume ana wake zaidi ya mmoja, ni wenza hao. Marekebisho yaliyoletwa na Sheria ya Mikopo ya Nyumba ya mwaka 2008 yalimtaka mwombaji aseme kama ana mwenza, na pia yakamtwika mkopeshaji wajibu wa kuchukua hatua za kutosha kujua ukweli wa jambo hilo. Yaani kusema "mteja alituambia hajaoa" hakutoshi kama hamkuuliza zaidi ya hapo.

Lakini usiyatupe mafaili yote sita kapu moja. Lisome kila moja upya. Huenda mmoja ni mjane, na cheti cha kifo cha mumewe kiko kwenye faili lake la mkopo wa kwanza. Huenda mwingine aliapa kwa wakili kwamba hana mwenza na kiapo kikabaki kwenye bahasha ya hati. Hayo si mapengo, ni karatasi zilizowekwa mahali pasipo pake. Zirudishe na uandike ulizitoa wapi na lini. Huenda mwingine dhamana yake ni kiwanja kitupu kule Njia Panda wala si nyumba wanayoishi, ingawa hilo nalo wakili alitazame kabla hujapumua.

Watakaobaki ni pengo halisi. Hao unaweza kuwaomba ridhaa sasa, kwa tarehe ya leo, ikisema kwamba mwenza anaufahamu mkopo uliotolewa tarehe fulani, kiasi fulani, dhamana fulani, na anaridhia. Je, karatasi hiyo inatibu rehani iliyosajiliwa bila ridhaa? Si lazima. Mahakama inaweza kuona vingine. Ila inapunguza hatari, na inamwonyesha mkaguzi kwamba mmeanza kurekebisha. Ninakusihi jambo moja: zungumza na mwenza akiwa peke yake, kwa lugha anayoielewa, na aambiwe kwamba anaweza kukataa. Mama anayeitwa ofisini akiwa ameketi kati ya mumewe na ofisa mikopo hajatoa ridhaa, amemaliza kikao tu. Akikataa, andika kwamba amekataa. Hiyo nayo ni taarifa ya kweli ya faili.

Na kama mmojawapo ana mkopo chechefu, yaani ameacha kuulipa, simama kabla hujapiga simu. Kama mmeshampa ile notisi ya siku 60 ya kushindwa kulipa, ya kifungu cha 127 cha Sheria hiyo ya Ardhi, au mnaelekea huko, kwenda kutafuta ridhaa ya mkewe katikati ya mgogoro kunaweza kuharibu pande zote mbili. Hilo ni la wakili.

Vihamba viwili hivyo ninavielewa, nimezaliwa huko kwenu. Kihamba kinapita kwa baba kwenda kwa mtoto, makaburi ya wazee yapo humo chini ya migomba, na ukoo mzima una neno. Barua ya mwenyekiti wa kijiji inaweza kuthibitisha kwamba mtu anatambulika kuwa anatumia ardhi ile. Haiwi rehani. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114, na palipo na hati ya hakimiliki ya kimila kuna utaratibu wake wa kuiweka dhamana, unaopita kwenye halmashauri ya kijiji na kuandikwa kwenye daftari la usajili. Kwenu hakuna hata kimoja. Kwa hiyo kwenye maelezo ya faili andika waziwazi: dhamana haijasajiliwa. Kama kwenye ile orodha ya mwezi uliopita mliiandika mikopo hiyo kuwa ina dhamana kamili, peleka orodha iliyosahihishwa pamoja na sababu ya kusahihisha, na mhasibu aangalie kama tengo la hasara, yaani fedha mnazotenga kwa mikopo inayoweza kutolipwa, linabadilika. Msingojee mkaguzi aligundue.

Ripoti za uthamini za zamani ni jambo dogo zaidi. Agiza mthamini aliyesajiliwa aanze na mkopo wenye salio kubwa, na kama siku hazitoshi, ambatisha barua ya kumwagiza.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza, na ambalo kwa uzoefu wangu huwasumbua watu kuliko ridhaa na mihtasari. Jumla ya ile orodha mliyopeleka inalingana na leja kuu? Na leja inalingana na taarifa ya robo mwaka mliyokwisha kuituma Benki Kuu? Mkaguzi huanzia hapo, kabla hajafungua faili hata moja, kwa sababu orodha isiyolingana na vitabu ina maana kwamba kuna mikopo asiyoiona au mikopo isiyokuwepo. Tuseme orodha inasema shilingi bilioni 1.84 na leja inasema bilioni 1.86. Huenda milioni 20 hizo ni marejesho yaliyoingia kwa simu siku ya mwisho ya mwezi, yakapunguzwa kwenye akaunti za wateja lakini mhasibu akayaingiza kwenye leja tarehe 2. Hakuna ubaya. Ila andika ukurasa mmoja wa ulinganisho unaoonyesha tofauti, sababu, na malipo yenyewe moja moja. Usiibadilishe orodha kimyakimya ili ifanane na leja. Fanya kazi hii leo, kabla ya mafaili.

Kupanga nyaraka zenyewe hakuna siri. Fuata namba za barua yao: walichokiita 1 kwako kiwe 1, hata kama usingepanga hivyo. Kila faili lianze na ukurasa mmoja wa maelezo wenye tarehe ya leo na jina la aliyeandika, ukitaja kilichomo, kisichomo, na kinachofanyika. Piga skani kutoka karatasi halisi, si nakala ya nakala, na pande zote mbili; mihuri mingi ya Msajili wa Hati imekaa nyuma ya ukurasa na watu huisahau. Peleka nakala tu. Hati halisi za wateja zibaki kwenye kabati la chuma, mkaguzi atazionea hapo. Usiongeze usichoombwa kwa nia ya kuonyesha wema. Weka kwenu seti moja iliyo sawasawa na mliyopeleka, ukurasa kwa ukurasa, na hakikisha barua ya kuwasilishia inagongwa muhuri wa kupokelewa. Maswali yao yote yapitie kwa mtu mmoja, na ninadhani ni wewe. Neno la barua usilolielewa, piga simu uulize mapema, wanajibu. Ukiona siku 10 hazitoshi, omba nyongeza kwa maandishi wiki hii ya kwanza, ukiambatanisha vilivyo tayari. Kuomba siku ya tisa jioni ni kitu kingine.

Mafaili haya yasitembee WhatsApp. Yana namba za NIDA, mishahara, picha za watu na nyumba zao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu nyinyi kama inavyohusu benki kubwa. Kumpa msimamizi alichokiomba kisheria ni halali. Kumtumia binamu yako wa stationery akusaidie kuchapa ni jambo jingine.

Hapo ndipo anapoingia huyo mshauri. Kuajiri msaada si aibu, na kwa siku 10 na mafaili 40 unaweza kuuhitaji kweli. Mshauri mzuri hutafuta karatasi zilizopotea, hulinganisha vitabu, huandika kurasa za maelezo, na hukuuliza maswali magumu kabla mkaguzi hajakuuliza. Neno "kusafisha" ndilo linanitia wasiwasi. Mwombe akuandikie kwa barua atafanya nini kwenye faili lisilo na ridhaa. Akiandika kwamba atalitaja pengo na kusaidia kuomba ridhaa ya leo, endelea naye, sainini mkataba wa kutunza siri, na afanyie kazi hapo Moshi. Mafaili yasipande gari kwenda Arusha. Akikwepa kuandika, umeshapata jibu. Kwa upande wa hesabu, mhasibu aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu, anatosha na pengine ni nafuu zaidi. Vyovyote iwavyo, ada ya mshauri hainunui uwajibikaji: mbele ya Benki Kuu wanaojibu ni wakurugenzi na nyinyi mliosaini.

Orodha ya mpwa wako iweke kando, na umshukuru kwa moyo wake. Ni ya Marekani. HMDA anayoitaja ni sheria yao ya mwaka 1975 ya kutoa takwimu za mikopo ya nyumba. NMLS ni mfumo wao wa kusajili kampuni na maofisa wa mikopo hiyo. TRID ni kanuni zinazotaka, pamoja na mengine, mwombaji apewe makadirio ya gharama ndani ya siku 3 za kazi. Zinasimamiwa na CFPB, taasisi yao ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha iliyotokana na sheria ya mwaka 2010, pamoja na wasimamizi wa majimbo. Hakuna hata moja inayokuhusu, na ukianza kutafuta nyaraka hizo utapoteza siku mbili kati ya kumi. Orodha yako ni barua iliyo mezani kwako.

Limebaki la mkurugenzi, na najua ndilo gumu, kwa sababu ni mtu unayemheshimu na ndiye anayekulipa. Usimwendee na lawama. Mwendee na ile karatasi ya ulinganisho na mpango wa kikao cha kamati mkononi, umwambie: "Mzee, nimepata njia ya kuyawasilisha haya bila mtu yeyote kati yetu kusaini kitu ambacho hakikutokea." Wakurugenzi wengi ninaowajua husema "tuandike mihtasari" kwa hofu, kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha njia nyingine. Mpe njia. Akishikilia, mwandikie dokezo fupi la heshima lenye ushauri wako, ubaki na nakala, na upeleke jambo kwa mwenyekiti wa bodi. Usisaini. Inaweza kukugharimu, sikufichi hilo.

Ikifika hapo, tafuta wakili wako binafsi, si wa kampuni, na uende ana kwa ana na barua zote. Wakili wa kampuni naye aonwe wiki hii kwa ajili ya mafaili yenye mikopo chechefu, vile vihamba viwili, na mteja yeyote ambaye ni kampuni: rehani ya kampuni husajiliwa pia BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, ndani ya siku 42, na hilo ni pengo ambalo kwa kawaida halionekani mpaka mtu aulize. Angalia kama kati ya 40 hao yupo.